Mama Angèle Anaingia Kwanza

Kabla sijasema lolote kuhusu Angèle Mwadi, ijulikane kwamba ofisi yake ilikuwa stoo ya ngoma zangu. Mimi ni Ngoyi, mkubwa wa ngoma za mashabiki wa Étoile ya Kapata, na ngoma zile zilikaa katika chumba kile cha pembeni mwa uwanja tangu wakati ambao wajumbe wa kamati ya leo walikuwa bado wanafutwa makamasi. Siku moja nikafika nikazikuta zimepangwa nje ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Ndani kulikuwa na meza, kiti cha plastiki, na mwanamke ameinamia simu yake. Nikamuuliza mlinzi hii ni nini.

"Ni biro ya ule mama mwenye kuandika," akasema. "Prezida njo amesema."

Nilirudi nyumbani na hasira, nikaikataa bukari, ule ugali wetu wa huku. Mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Si kwamba sikumjua huyo mama. Angèle alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya hapa Kolwezi, kusini mwa Kongo, na anaishi mtaa wetu wa Kapata katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, kwenye ile mistari ya nyumba za kampuni zinazofanana hivi kwamba mlevi akikosea mlango anapewa chakula kwanza ndipo anatambulikana. Babu zake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, kama babu zangu. Ila umaarufu wake haukutoka shuleni. Kila Jumatatu jioni aliandika Facebook kuhusu mechi ya Jumapili, na hakuandika kama sisi wengine, kwamba refa ni mwizi na mshambuliaji ni mvivu. Aliandika mpira ulitoka kwa nani, ukapita wapi, na nani alikuwa amesimama mahali ambapo hakupaswa kusimama. Ukimaliza kusoma ulijiona kama uliyekuwa umefumba macho uwanjani muda wote.

Kuhusu macho, lazima nimtaje baba yake. Marehemu Tata Tshibola, tata kwetu ni mzee wa heshima, alifanya kazi kiwandani mpaka macho yake yakaisha kabisa. Lakini mpira hakuuacha. Kila Jumapili binti yake, wakati huo msichana mdogo mwenye nywele za kusukwa, alimshika mkono akamleta uwanjani, wakakaa karibu na ngoma zangu. Kazi ya mtoto ilikuwa kumsimulia.

"Mpira iko wapi?" mzee anauliza.

"Iko kwa namba sita, papa."

"Namba sita anaangalia wapi? Nani iko nyuma yake? Nani hana muntu wa kumulinda?"

Na tukifunga, uwanja mzima ukiruka, mtoto naye akipiga kelele, mzee alitulia tu kwenye kiti chake. Alisubiri kelele zipungue, kisha akasema: "Goli nimesikia. Niambie ilitoka wapi." Na mtoto alilazimika kurudi nyuma, pasi kwa pasi, mpaka mahali bao lilipozaliwa. Nilikuwa nawasikia vizuri sana, na zaidi ya mara moja mzee yule aliniomba nipunguze fujo zangu. Ndiyo shule aliyosomea Angèle, na sijaona nyingine inayoishinda.

Mashabiki walimtukana, bila shaka. Waliandika chini ya maneno yake kwamba arudi jikoni, kwamba mwanamke anajua nini. Naye alimjibu kila mmoja kwa adabu ileile: asante tata, na ile goli ya pili, wewe uliona inatoka wapi? Wengi walinyamaza hapo, maana hawakuona.

Rais wa klabu yetu, Stéphane Tshimanga, ni mtu wa malori. Anasafirisha mizigo ya migodi, na anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Yeye ndiye aliyeleta wazo lile. Mhandisi mmoja mgeni alimhadithia kwamba huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, ambao mtu anaupiga mpira kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka uwanja, na kwamba timu za mchezo huo zinawatafuta watu wanaoandika uchambuzi kwenye mtandao, zinawaweka ofisini, zinawauliza nani anunuliwe na nani aachwe.

"Bale bantu hata ile rungu habajaishika!" Tshimanga alitupigia kelele siku ya mkutano. "Banaandika tu! Na timu inabasikiliza! Sasa sisi tuko na wetu hapa Kapata, tunamutukana kila siku!"

Hakuuelewa mchezo wenyewe, na mimi hadi leo sijauelewa, lakini jambo alilishika. Akamwita Angèle amwekee kiti. Angèle alikubali kwa sharti moja: asikae tu ofisini, asafiri na timu. Kamati ikampa msimu mmoja wa kujaribiwa. Akaomba ruhusa ya kupunguza vipindi vyake shuleni, mkurugenzi akanung'unika, na yeye akaingia kwenye stoo yangu.

Sasa nielezee ugonjwa wetu. Nyumbani tulikuwa hatari. Ugenini, kipindi cha kwanza tulicheza vizuri tu, lakini mapumziko yakipita miguu ya vijana ilikufa. Walitembea. Mabao tukafungwa mwishoni, mechi baada ya mechi, Tenke, Fungurume, Dilolo, kila mahali. Sababu hakuna aliyeiuliza, kwa kuwa kila mtu aliijua: wenyeji wametutengenezea dawa. Ndiyo maana timu yetu, kama timu nyingi za huku, haikupita kwenye lango la wenyeji. Vijana waliruka ukuta. Chumba cha kuvalia, vestiere, hawakukikanyaga. Walivaa jezi ndani ya basi. Wakati wa mapumziko walikaa katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna aliyezika kitu bila kuonekana, na maji ambayo hawakuyaona yakitekwa hawakuyagusa. Msimamizi wa hayo yote alikuwa Tata Mathieu, mzee mwembamba wa shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye kwenye karatasi za klabu anaitwa mshauri. Chupa ya maji ikipita mkononi mwa mtu asiyemjua, Tata Mathieu aliimwaga.

Safari ya kwanza ya Angèle ilikuwa Tenke. Wakati wa mapumziko sisi mashabiki tulienda kutafuta mishkaki. Niliporudi nikamwona amesimama katikati ya uwanja pamoja na wachezaji, jua la utosi, hakuna kivuli hata cha kijiti. Aliangalia vijana wanavyolamba midomo. Kisha akaangalia mlango wa vestiere ya wenyeji, wakati wale wa Tenke wanatoka nyuso zimeoshwa, wengine bado wanatafuna machungwa. Kipindi cha pili tukafungwa kama kawaida. Ndani ya basi, Tata Mathieu akasema dawa ya Tenke imezidi kuwa kali. Angèle alikuwa dirishani, akiandika.

Maandishi hayo, na ya safari zilizofuata mpaka msimu ukakaribia kwisha, hakuyatoa Facebook. Alisema mambo ya nyumbani yasemwe kwanza nyumbani, akaiita kamati, kocha na kapteni kwenye ofisi yake, nami nikaingia kwa kisingizio kwamba natafuta panya waliotafuna ngozi za ngoma zangu. Aliwasomea polepole. Ugenini tunakufa baada ya mapumziko, si kabla. Siku za mawingu hatufi. Siku za mvua tulishinda. Siku ya jua kali hatujawahi kufika mwisho wa mechi tukiwa wazima.

Tata Mathieu akajinyoosha.

"Mama, uko unatuambia dawa haiko?"

"Sisemi vile, tata. Mi niko nasema jua iko."

Hapo nilimwona Gael Kabeya, kapteni wetu, akitazama chini. Kijana mrefu, beki, na zamani alikuwa mwanafunzi wa Angèle. "Madame," akasema, "mi nitafanya yote utaniambia. Kukimbia, nitakimbia. Lakini ile chumba, hapana. Rafiki yangu aliingia vestiere ya bantu, akavunjika muguu ile siku. Niliona na macho yangu."

Nilitegemea Angèle atamcheka, au atamfundisha kama mwalimu anavyofundisha. Hakucheka. Alimwuliza jina la rafiki yake, na mguu gani, na kama alipona. Kisha akasema anaelewa woga wake, kwa sababu hata yeye angeogopa. Mimi nimekaa na wasomi wengi, na huo moyo sijawahi kuuona kwao. Nikaacha kuwatafuta panya, nikasikiliza.

Kamati ilibishana mpaka Tshimanga akapiga meza. Ilibaki mechi moja tu, ya ugenini Dilolo. Tukifungwa tunashuka daraja. Angèle ajaribu analotaka. Likienda vizuri, kiti ni chake moja kwa moja. Likienda vibaya, arudi shule na ngoma zirudi stoo. Wote wakanigeukia, kana kwamba mimi ndiye nitakayefurahi. Mwezi mmoja nyuma ningefurahi.

Ligi ilikuwa imechelewa kama kawaida yake, ikatufikisha mwezi wa tisa, wakati jua la huku linachoma kabla mvua hazijaanza. Tulifika Dilolo tumekuwa wekundu kwa vumbi la barabara. Mji ulikuwa umejaa watu wa biashara, hata Waangola walivuka mpaka kuja kutuona tukishuka. Vijana walivaa ndani ya basi, wakaruka ukuta. Wenyeji walicheka, ingawa wao pia wakija Kolwezi wanaruka ukuta wetu.

Angèle alikuwa amebeba madumu ya maji kutoka Kolwezi, aliyoyateka mbele ya timu nzima ili asiwepo wa kusema hakuona. Akawaambia wachezaji kwamba wakati wa mapumziko maji yatakuwa kivulini, ndani ya vestiere tuliyopewa na wenyeji. Kocha alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia. Alichukua dumu la kwanza, akatembea mbele ya watu wote mpaka kwenye ule mlango, akaingia. Akatoka, akachukua la pili, akaingia tena. Na safari hii hakutoka.

Ni lazima ueleweke uzito wa jambo hilo. Kuna mwiko wa chumba mnachopewa na wenyeji, na kuna mwingine mkubwa zaidi: mwanamke haingii vestiere siku ya mechi, iwe ya wenyeji au yenu wenyewe. Mwanamke akiingia, timu imekwisha. Angèle alivunja yote mawili kwa mkupuo. Tata Mathieu alikaa chini pale pale, akashika kichwa. Shabiki mmoja wa kwetu akaanza kupiga kelele kwamba huyu mama ametuuza.

Mpira ukaanza. Ngoma zangu zilikuwa karibu na ukuta wa chumba kile, na mikono ilikuwa mizito. Nikamwachia kijiti mwenzangu, nikausogelea mlango.

"Angèle," nikaita. "Mama, toka. Bantu banaanza kukasirika."

Sauti yake ilikuja nyembamba. "Tata Ngoyi, mi niko naogopa sana. Humu ndani kuko giza, na kuko harufu sijui ya nini. Nimesali mpaka maneno yameisha."

"Sasa toka!"

"Nikitoka, hakuna mwingine ataingia. Rudi kwa ngoma, tata. Piga na nguvu, nisikie kama bantu biko."

Alitaka kusema bantu bako, yaani watu wapo; ulimi uliteleza kwa woga. Nikarudi nikapiga. Sijawahi kupiga vile hata siku ya harusi yangu. Nilipigia ukuta, si uwanja, na nilipigia mtu mmoja tu, mtoto wa Tata Tshibola, ambaye alikuwa amekaa peke yake gizani kwa sababu ya kitu alichokiona kwa macho yake na kukiamini. Mimi niliogopa hata kuegemea ule mlango. Nilijiambia, Ngoyi, umezeeka bila kumwona mtu, leo umemwona.

Dilolo walifunga kabla ya mapumziko. Filimbi ikalia, na vijana wetu wakaenda katikati ya uwanja kama walivyozoea, wakakaa kwenye majani yaliyokauka, vichwa chini. Jua lilikuwa juu yao. Mlango wa vestiere ukafunguka, na Angèle akasimama kizingitini. Alikuwa ameosha uso. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kola. Watu wa kwetu na wa kwao wakainuka kumtazama. Nadhani wengi walitegemea aanguke.

Hakuanguka. Akaita kwa sauti ileile ya darasani.

"Gael! Kuya huku."

Gael aliinua kichwa.

"Nimekaa humu tangu mwanzo. Kama kuko kitu, kimekwisha kunikuta mi. Niangalie. Niko muzima?"

Kijana alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Alitembea kama anayepita kwenye maji yasiyojulikana kina, na alipofika mlangoni akasimama, akafumba macho, akaingia. Baada yake kipa. Baada ya kipa, wote, wakisukumana, maana kumbe kiu ilikuwa imewazidi. Mwishoni kabisa, wakati anafikiri hakuna anayemtazama, Tata Mathieu naye akainuka, akapangusa suruali yake, akaingia kivulini.

Kipindi cha pili kilinifanya nilie. Miguu haikufa. Nilisubiri ife, kwa mazoea, dakika baada ya dakika, na haikufa. Wale wa Dilolo ndio walioanza kushika viuno. Gael mwenyewe alipanda kwenye kona, akaupiga kwa kichwa, tukasawazisha, na ile sare ikatubakiza kwenye ligi. Tshimanga alinikumbatia mimi na ngoma pamoja, akaipasua moja, na bado hajanilipia nyingine.

Kwa hiyo Angèle alipata kiti chake. Mlangoni wameandika neno la Kifaransa, Analyse, yaani uchambuzi, kwa rangi ya klabu. Ngoma zangu alizirudisha ndani mwenyewe. Zinakaa pembeni mwa meza yake, na anasema zinamtuliza akiandika. Rais ananunua mchezaji baada ya kumwuliza yeye, na kocha ameacha kufunga kamba zisizokuwepo.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri tu. Lakini msimu mpya ulipoanza, safari ya kwanza ya ugenini, vijana walikaa ndani ya basi hawashuki. Angèle akawauliza kuna nini.

"Tunakungojea, Madame," akasema Gael. "Uingie kwanza."

Aliwaeleza. Aliandika upya kila kitu, akawaonyesha kwamba si yeye, ni kivuli na maji. Walisoma, wakaelewa, wakamuuliza hata maswali mazuri. Kisha Gael akasema kwa heshima yote: "Tumekubali yote, Madame. Ni jua. Lakini wewe kwanza." Tata Mathieu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama fundi anayemtambua fundi mwenzake.

Akaingia. Na tangu siku hiyo, kila mechi ya ugenini, Angèle Mwadi, aliyepewa kazi kwa ajili ya macho yake, anakaa kipindi chote cha kwanza ndani ya chumba chenye giza, nyuma ya ukuta, haoni mpira hata kidogo. Nilimwuliza kama haimuumi. Alisema inamuuma sana. Kisha akasema: "Lakini banaingia, tata. Na banakunywa maji."

Siku chache baadaye alinikuta nakaza ngozi ya ngoma. "Tata Ngoyi," akasema, "nikuombe kitu. Ulipiga Dilolo, nikasikia bantu. Unaweza kupiga nisikie mpira?"

Tulikaa ofisini kwake tukapanga. Ngoma ndogo, mpira uko kwetu. Ngoma kubwa, uko kwao. Kijiti kwenye ukingo mara moja, unapita pembeni kushoto; mara mbili, kulia. Haraka, unakaribia goli. Mimi, niliyekuwa napiga kwa kufurahi tu, nimejifunza kuangalia mpira uzeeni, nani anao, anaelekea wapi, kwa sababu kuna mtu ananitegemea nyuma ya ukuta. Mara ya kwanza tulijaribu Tenke, na wakati wa mapumziko alimwambia kocha kwamba upande wetu wa kushoto umechoka. Ulikuwa umechoka kweli. Kocha alinitazama mimi, nami nikaitazama mikono yangu.

Jumapili iliyopita tulikuwa Fungurume. Tulifunga mapema, nami nikasahau mipango yote, nikazipiga ngoma zote kwa pamoja kama mwendawazimu. Mapumziko yalipofika, vijana walipita mbio kuelekea kivulini, na Angèle akatoka, anakunja macho kwa mwanga. Hakuwaangalia wachezaji, wala Prezida aliyekuwa anamfuata mikono wazi. Alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kando ya ngoma kubwa, upande uleule aliokuwa akikaa na baba yake kule nyumbani.

"Goli nimesikia, tata," akasema. "Niambie ilitoka wapi."

Nikaweka vijiti chini, nikaanza kumwambia.